Mama Samadi na Minyoo Walioshinda Dawa

Ndama alikuwa na uvimbe chini ya taya, laini kama kifuko cha maji. Mama Samadi alipoubonyeza, kidole chake kiliacha shimo. Akamfunua jicho. Ndani palikuwa peupe, hapana hata dalili ya damu. Akasimama, akainama tena, akamfunua jicho la pili, kana kwamba la pili lingekuwa na habari tofauti.

"Wifi, huyu alikunywa dawa lini?"

"Wiki tatu zilizopita. Si wewe mwenyewe uliyemshikia kichwa?" Wifi yake alikuwa ameegemea mlango wa zizi, mikono kiunoni. "Dawa yenu siku hizi ni maji tu, wifi. Bora ningemnywesha chai."

Kwa kawaida Mama Samadi angecheka. Yeye na huyu mjane wa kaka yake walikuwa wakitaniana tangu siku ya harusi, na hakuna aliyewahi kumshinda mwenzake kwa maneno. Siku hiyo utani ulimpita. Alikuwa akitazama ndama wengine. Manyoya yao yalikuwa yamesimama, mikia imeganda kinyesi chepesi, mbavu zinahesabika. Wote walikuwa wamekunywa dawa. Dawa ile ile, siku ile ile.

Jina hilo la Mama Samadi hakupewa na wazazi. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa afisa mifugo wa eneo lile, na muda huo wote watu walimwona akipita na ndoo yenye vikopo vya kinyesi cha ng'ombe, kila kikopo na namba yake. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja: meza, sinki, jokofu linalonguruma, na hadubini mbele ya dirisha. Wageni wakishangaa kuona vikopo vile jirani na chakula chake cha mchana, aliwaambia, "Ng'ombe hawezi kuniambia anaumwa wapi. Mavi yake yananiambia." Wengine walimwita daktari, ingawa hakuwa daktari kwa vyeti. Alikubali majina yote mawili.

Alikuwa mtu wa kujiamini, na alikuwa na sababu. Alipofika pale alikuta ndama wakifa ovyo kila msimu wa mvua. Yeye ndiye aliyewafundisha watu kunywesha mifugo dawa ya minyoo, yeye ndiye aliyesimamia kujengwa kwa kibanio cha kuwaingizia ng'ombe mmoja mmoja, na vifo vilipungua. Hakuna aliyebishana naye tena juu ya ng'ombe.

Kwa hiyo alipotoka zizini kwa wifi yake hakwenda ofisini kupima chochote. Alikwenda moja kwa moja dukani kwa Kizibo.

Kizibo alikuwa muuza dawa za mifugo, mtu mfupi, mnene, mpole, aliyevaa koti jeupe lililobana tumboni. Duka lake lilikuwa na rafu tatu na kaunta ya mbao, na asubuhi hiyo lilijaa wateja. Mama Samadi alipita katikati yao, akaitua juu ya kaunta kwa kishindo chupa tupu aliyotoka nayo zizini.

"Hii umeitoa wapi?"

"Nilikotoa zile nyingine zote, daktari. Kuna nini?"

"Kuna ndama anakufa. Unawauzia watu maji, Kizibo. Maji yenye rangi!"

Wateja wakageuka. Kizibo aliichukua ile chupa, akaisogeza mwangani, akasoma lebo polepole. "Tarehe haijapita," alisema. "Na lakiri uliivunja mwenyewe siku ya kunywesha, nilikuwepo. Pima kwanza, daktari. Pima, halafu ndiyo useme."

"Nimeshapima. Nina macho."

Akatoka. Mama mmoja aliyekuwa tayari ameshika chupa ya dawa aliirudisha rafuni taratibu, kama mtu anayerudisha kitu cha wizi.

Siku hiyo hiyo Mama Samadi alisafiri mpaka mjini, akanunua chupa nyingine ya dawa ile ile kwenye duka kubwa, akarudi nayo jioni akiwa ameikumbatia. Ndama akanyweshwa upya. Siku ya pili hakuwa na nafuu. Siku ya tatu alishindwa kunyanyuka. Mama Samadi alikuwa akienda kwa wifi yake asubuhi, mchana na alasiri. Anafika, anamfunua ndama jicho, anaondoka bila kukaa, anarudi. Siku ya tano ndama akafa, shingo ameilaza kwenye beseni la maji.

"Naomba nimpasue," Mama Samadi alisema.

"Mpasue. Hana kazi nyingine tena," wifi yake alijibu, na safari hii haukuwa utani.

Alimpasua palepale nyuma ya zizi, juu ya turubai. Alipolifungua tumbo la nne, lile la mwisho kabla ya utumbo, akasita. Ukuta wake wa ndani ulikuwa unatembea. Minyoo wembamba kama nyuzi, wekundu kwa damu waliyoinyonya, mamia kwa mamia, walikuwa wakijinyonganyonga kwa afya zao zote. Walikuwa wamepitiwa na dawa mara mbili ndani ya mwezi mmoja.

Wifi yake alichungulia begani kwake. "Hao hawajafa."

"Hawajafa."

"Na ile dawa ya mjini je?"

Mama Samadi alifunga turubai. Alijua kilichotokea, ila hakutaka bado kulitamka neno lenyewe. Neno hilo alikuwa amelisikia kwenye semina miaka kadhaa nyuma, akaliandika kwenye daftari, akalipigia mstari, kisha akalisahau. Usugu.

Kesho yake alimwomba wifi yake ng'ombe thelathini, wengi wao ndama na mitamba, kwa ajili ya kipimo.

"Thelathini? Mimi ninao thelathini na watatu! Si useme tu unataka zizi lote?"

"Nakuachia watatu wa kuringia."

Hapo wifi akatabasamu kidogo, shingo upande, akakubali.

Kazi ilichukua siku mbili. Kwanza kila ng'ombe alivishwa hereni ya namba sikioni. Kisha akazungushiwa kifuani utepe unaokadiria uzito, jambo ambalo Mama Samadi hakuwa amelifanya miaka mingi. Alikuwa akikadiria kwa macho: mabomba mawili ya dawa kwa kila ng'ombe, twende, mwingine. Sasa utepe ulimwonyesha kwamba mitamba aliodhani wana kilo mia mbili walikuwa na karibu mia tatu. Aliandika namba hizo huku amebana midomo. Halafu akavaa glavu ndefu, akachukua kinyesi cha kila mmoja moja kwa moja kutoka ndani, kisiguse ardhi, akakitia kikoponi.

Ng'ombe aliwagawa makundi matatu, kumi kumi. Kundi la kwanza lilipata dawa ya Kizibo, chupa mpya. La pili, dawa ile ile kutoka mjini. La tatu lilichomwa sindano ya dawa ya jamii nyingine kabisa, ambayo watu wa pale hawakuwahi kuitumia kwa sababu ya kwanza ilikuwa rahisi kunywesha. Safari hii kila mnyama alipata kipimo cha uzito wake, bila kupunja.

Kisha ikabidi kusubiri wiki mbili kabla ya kupima tena.

Mumewe, mwalimu mstaafu aliyependa kusoma gazeti kuanzia ukurasa wa mwisho, ndiye aliyeteseka zaidi. Mama Samadi alikuwa anaanza kula, ananyanyuka, anakwenda dirishani. Anaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Anavaa viatu, anafika mlangoni, anavivua.

"Keti, mke wangu," mwalimu alimwambia. "Unanichosha macho."

"Nimekaa sana."

"Ulikaa dakika mbili. Nilikuwa natazama saa."

"Minyoo hawa wanataga mayai elfu kadhaa kwa siku, kila mmoja. Mimi nikae?"

"Ukisimama wataacha kutaga?"

Akaenda kufagia uwanja. Ofisini hali ilikuwa hivyo hivyo. Alihamisha hadubini kutoka dirishani, akairudisha dirishani. Alipita barabara ya nyuma ili asipite mbele ya duka la Kizibo, lakini hata kwa mbali aliona kwamba pale mlangoni, palipokuwa na baiskeli nne au tano kila asubuhi, sasa palikuwa na moja tu, ya Kizibo mwenyewe.

Siku ya kumi na nne alichukua vikopo thelathini vingine. Alipima gramu, akakoroga kinyesi kwenye maji ya chumvi ili mayai yaelee juu, akachuja, akajaza kioo cha kuhesabia, akainamia hadubini. Mayai ya minyoo ni madogo, mviringo mrefu, na ndani yana chembechembe kama za zabibu. Alihesabu akibofya kihesabio mpaka kidole gumba kikamuuma. Kabla ya dawa, kila kundi lilikuwa na wastani wa mayai mia sita kwa gramu moja ya kinyesi. Sasa kundi la kwanza, la dawa ya Kizibo, lilikuwa na mia tatu na kumi. Kundi la pili, la dawa ya mjini, mia mbili na tisini. Kundi la tatu, kumi na tano.

Akarudia kuhesabu. Ikawa vilevile.

Dawa ya Kizibo haikuwa na kosa lolote. Ilikuwa sawasawa na ya mjini, na zote mbili ziliacha nusu ya minyoo wakiendelea na maisha yao. Dawa haikubadilika. Minyoo ndio waliobadilika.

Ukutani, juu ya sinki, ilining'inia karatasi aliyoichora mwenyewe miaka kumi na moja nyuma. Ilikuwa na picha ya ng'ombe anayecheka na miezi minne imezungushiwa duara jekundu. Chini yake aliandika kwa herufi kubwa: KILA MIEZI MITATU, NG'OMBE WOTE. Karatasi hiyo ilimpatia cheti cha pongezi. Nakala zake zilibandikwa katika kila nyumba yenye mifugo, na watu waliifuata kwa uaminifu. Ng'ombe wote, wagonjwa na wazima, dawa moja, kipimo cha kukisia, mara nyingi pungufu. Alivuta kiti akakaa, mara ya kwanza kwa siku nyingi, halafu akasimama tena kwa sababu alipoketi karatasi ilikuwa inamtazama usoni.

Aliibandua. Akaenda kwa Kizibo.

Dukani hapakuwa na mteja. Kizibo alikuwa akifuta vumbi kwenye chupa.

"Nimepima," Mama Samadi alisema.

"Enhe."

"Dawa yako ni nzima. Nilikukosea. Naomba radhi."

Kizibo aliendelea kufuta. Alimaliza chupa moja, akachukua ya pili. "Daktari, siku ile humu ndani walikuwa watu saba. Niliwahesabu. Leo unaniomba radhi tuko wawili."

Mama Samadi aliikunja ile karatasi mkononi. Masikio yalimwaka moto.

"Mimi sina kinyongo," Kizibo aliongeza, na sauti yake ilionyesha kwamba anacho. "Lakini wale saba waliwaambia wengine. Mimi nikisema dawa yangu ni nzuri, nani atanisikiliza? Nauza, lazima niseme hivyo. Wewe ndiye wanakuamini."

"Nitajie majina yao."

"Unawajua wote."

Aliwajua kweli. Kwa siku nne alikwenda nyumba kwa nyumba, kwa wale saba, na kutoka kwao mpaka kwa waliosikia kwao. Kila alipofika alikataa kiti. Alisimama mlangoni akasema maneno yale yale: nilimsingizia Kizibo, dawa yake ni nzima, minyoo wetu wamekuwa sugu, na aliyewafikisha hapo ni mimi. Kisha aliomba ile karatasi ya ng'ombe anayecheka, akaibandua kwa mkono wake. Wengine walimwonea huruma, jambo lililomkera kuliko matusi. Bibi mmoja aligoma kuitoa kwa sababu ilikuwa imeziba tundu ukutani. Mzee mmoja alimuuliza, "Kwa hiyo miaka yote hii tulikuwa tunawalea?" Mama Samadi akasema ndiyo, ni kama tulikuwa tunawalea.

Siku ya tano aliwaita wafugaji wote kwenye kibanio. Walikuja wengi, na Kizibo naye alikuja, akasimama pembeni na koti lake jeupe. Mama Samadi aliwasomea hesabu zake. Akasema kuanzia sasa kila ng'ombe apimwe uzito kabla ya dawa. Dawa ya pili, ile ya sindano, itumike kwa uangalifu, isije nayo minyoo wakaizoea. Halafu akasema lile gumu: wapewe dawa wale tu wanaohitaji, yaani ndama, waliokonda na wenye macho meupe. Ng'ombe wazima, wanene, waachwe.

Minong'ono ikaanza. Wa kwanza kupaza sauti alikuwa wifi yake.

"Niwaache na minyoo makusudi?"

"Makusudi."

"Wifi, umechoka. Nenda nyumbani ukalale."

Watu wakacheka. Mama Samadi alisubiri wamalize. Alikuwa akihamisha uzito wake kutoka mguu huu kwenda ule.

"Nisikilizeni. Ukinywesha ng'ombe wote, wanakufa minyoo dhaifu. Anabaki yule ambaye dawa haimuwezi. Huyo ndiye anayezaa, peke yake, bila mpinzani. Baada ya miezi mitatu unarudia, na yeye anazidi kujaza malisho watoto wake. Tumefanya hivyo miaka kumi na moja. Tulikuwa tunachagua mbegu ya minyoo kama vile unavyochagua mbegu ya mahindi. Sasa, ukiacha ng'ombe wachache wenye nguvu bila dawa, minyoo wao ni wale ambao dawa bado inawaua. Mayai yao yanaanguka kwenye majani yale yale. Wakikua wanachanganyika na sugu, wanazaa nao, na wale sugu hawatawali peke yao."

"Na huyo ng'ombe wangu mnene akikonda?"

"Nitamtibu siku hiyo hiyo. Nitakuja kila wiki kumtazama."

"Kila wiki?"

"Kila wiki, wifi. Hata ukinifungia mbwa."

Wifi alikuwa amempoteza ndama, na ng'ombe ndio waliomsomeshea watoto tangu mumewe alipofariki. "Nitaacha kumi," alisema mwisho. "Lakini nawachagua mimi."

Msimu wa mvua uliofuata ulikuwa mrefu na majani yakawa mengi, hali ambayo minyoo huipenda. Mama Samadi hakupata utulivu. Alizunguka mazizini na ndoo yake, buti zimejaa tope, akifunua macho ya ng'ombe mpaka akawa anawafunua macho katika ndoto. Katika wale kumi wa wifi yake, dume mmoja mdogo alianza kupungua mgongoni wiki ya sita. Mama Samadi alimchoma sindano asubuhi hiyo hiyo, kisha akashindwa kuondoka. Alimzunguka dume yule mpaka wifi akamletea kigoda na kumwambia ama akae ama aende, kwa maana anawatia ng'ombe wasiwasi. Dume alipona. Tisa waliobaki walimaliza mvua bila dawa yoyote, na wawili kati yao walizaa.

Si kila kitu kilikwenda vizuri. Wafugaji wawili walikataa ushauri, wakaendelea kunywesha zizi zima kwa siri, na mmoja alipoteza ndama watatu. Mama Samadi alikwenda kuwapasua wote watatu, na hakusema "nilikuambia", ingawa ulimi ulimwasha. Mwisho wa msimu alirudia kipimo. Sindano ilikuwa bado inaua karibu minyoo wote. Dawa ya kunywesha ilikuwa bado inashindwa na karibu nusu yao, na aliwaambia watu wazi kwamba huenda isirudi kufaa tena katika maisha yake. Alichokuwa anakipigania ni ile moja iliyobaki.

Kizibo alipata wateja wake tena, si wote. Mtu akija kuomba dawa ya zizi zima, humuuliza kwanza amepima uzito au amekisia, na akijibiwa kwamba amekisia, humpa utepe. Yeye na Mama Samadi husalimiana. Hawajawa marafiki. Siku moja alimwambia kwamba sasa anauza chupa chache kuliko zamani, kwa sababu yake, na Mama Samadi akashindwa kujua kama analalamika au anamsifu.

Mwaka huu alitakiwa kustaafu. Mwalimu alikuwa tayari amemnunulia kiti cha kuegemea, akakiweka barazani sambamba na chake. Aliomba aongezewe miaka miwili, akakubaliwa, na akasahau kumwambia mumewe mpaka barua ilipofika nyumbani. Mwalimu aliisoma kuanzia mwisho kwenda mwanzo, kama kawaida yake.

"Miaka miwili," alisema. "Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo tutaona."

Simu ikaita. Alikuwa wifi yake.

"Wifi, nimenunua mtamba kwa mchuuzi mmoja, mzuri kweli, maziwa yake utayasikia. Nimemfunga peke yake nyuma ya nyumba. Sitaki achanganyike na wangu mpaka nijue amekuja na wadudu gani. Mchuuzi ananicheka, anasema mimi nina kichaa."

"Amejisaidia tangu afike?"

"Anajisaidia sasa hivi, namwona."

"Hicho kilichoanguka chini kiache. Nitakuja kuchukua mwenyewe."

Alikuwa ameshasimama, anatafuta buti la pili chini ya kile kiti kipya.